Tahadhari, Nakuru: simu iliyokwama kwenye rikavari si bodi iliyokufa

Watu wa Nakuru, na nyinyi wa Njoro, Molo na Gilgil mnaoleta simu mjini kutengenezwa, someni hii kabla hamjapanda ngazi za vile vibanda vya simu. Mimi nimeshuka ngazi hizo na hasara ya shilingi 7,000 na picha ambazo siwezi kuzipiga tena.

Jina la kibanda silitaji. Jambo lenyewe nimeanza kulifuata kisheria, na sitaki kesho nigeuziwe kibao kwamba nimemharibia mtu jina. Nitaeleza ujanja wenyewe, maana nimeshaambiwa na watu watatu kwamba walifanyiwa vivyo hivyo kwenye vibanda vingine.

Nianze na kosa langu. Simu hii niliiruti mwenyewe miaka miwili iliyopita, yaani nilijipa mamlaka kamili juu ya mfumo wake. Ilikuja na programu za matangazo zisizofutika, na hifadhi ilikuwa ikijaa kila wiki. Nikafungua butiloda, ile programu inayouamsha mfumo simu ikiwashwa, nikaondoa rikavari ya kiwandani, yaani ule mfumo mdogo wa kando wa kusasisha na kurekebisha simu, nikaweka rikavari mbadala iitwayo TWRP, nikaongeza programu ya kuruti ya Magisk, mambo yakawa shwari. Mwezi uliopita, usiku, ikaja arifa ya sasisho la mfumo. Mwenye simu iliyorutiwa haigusi arifa hiyo. Mimi niliigusa nikiwa nusu usingizini.

Kilichofuata ni kitu cha kawaida sana, na nataka mkielewe kwa sababu wizi wote ulijengwa juu yake. Sasisho linapotaka kuanza, Android huandika agizo fupi kwenye kisehemu cha hifadhi kinachoitwa misc: ukiwaka, ingia rikavari. Rikavari ya kiwandani ingesakinisha sasisho, ikafuta agizo, simu ikawaka kama kawaida. TWRP yangu ilikuwa ya zamani. Ilishindwa kufungua data iliyosimbwa, yaani iliyofungwa kwa ufunguo wa siri, ikaganda kwenye nembo yake, na agizo likabaki pale pale. Nikizima na kuwasha, narudi kwenye nembo ile ile ya buluu. Android yenyewe ilikuwa nzima, na picha zangu pia. Ni kama mtu aliyepewa barua inayosema apitie kwa chifu kwanza, akakuta ofisi ya chifu imefungwa. Hajapotea njia. Amesimama mlangoni tu.

Ningeweza kuitengeneza mwenyewe, lakini laptopu yangu ilivunjika kioo tangu Desemba. Na nilikuwa na haraka: Jumatatu tulitakiwa kuonyesha picha 31 za mawe ya mpaka wa shamba la baba kule Elburgon, nilizozipiga kabla jirani hajayasogeza. Kwa hiyo Ijumaa mchana nikapanda ngazi.

Fundi aliishika simu, akabonyeza kitufe cha kuwasha, akaitazama ile nembo, akatikisa kichwa.

“Kiongozi, hii bodi imeenda.”

Bodi ni ile sahani ya ndani yenye chipu zote, na simu hakuwa ameichomeka popote. Akadai 500 ya kupima, ingawa kupima kwenyewe sikukuona. Baada ya dakika kumi akaniambia eMMC imekufa, yaani ile chipu inayohifadhi kila kitu ndani ya simu, na chipu mpya ni elfu nne na mia tano, data niisahau. Nikamwambia simu ina TWRP, na nadhani tatizo ni rikavari tu.

“Kiongozi, hayo mambo ya YouTube waachie vijana.”

Nina miaka 34.

Ningetulia dakika moja, uongo wake ungejitoa wenyewe. Rikavari inakaa ndani ya hiyo hiyo eMMC. Kama chipu ilikuwa imekufa, ile nembo ya TWRP ilitoka wapi? Ni kweli chipu huweza kuugua nusu, ikasoma na kukataa kuandika, lakini ugonjwa huo hupimwa kwa kompyuta. Hakuna fundi anayeuona kwa kutazama skrini.

Jumamosi jioni nikaichukua. Imewaka, safi, tupu kama imetoka dukani. Nikalipa 4,500 kwa M-Pesa, kwa namba iliyoleta jina ambalo si la fundi wala si la duka. Akasema ni ya dada wa kaunta. Kufika nje nikaweka laini: netiweki hakuna. Nikapiga *#06#. Mahali pa IMEI, namba ya utambulisho wa simu, hapakuwa na kitu.

Nikarudi juu. Fundi hakushtuka hata kidogo. “Hiyo hutokea bodi ikifanyiwa kazi. Kurudisha IMEI ni elfu mbili.”

Nikalipa. Mke wangu ameniuliza kwa nini, na jibu la heshima sina. Ukishatoa elfu tano kwa mtu mmoja, elfu mbili nyingine unaiona kama nauli ya kurudi nyumbani.

Wiki iliyofuata nikampelekea fundi wa Njoro, mzee mtulivu ambaye hutengeneza redio zaidi ya simu. Aliifungua mbele yangu. Stika ndogo ya udhamini juu ya skrubu ilikuwa haijachanwa. Kile kifuniko cha bati juu ya chipu kilikuwa kama kilivyotoka kiwandani, bila alama ya moto wala risasi mpya ya kulehemu. Na eMMC haitolewi kwa kucha: inahitaji hewa moto, tena ya kutosha kuyeyusha risasi chini ya chipu nzima. “Hii simu,” akasema, “tangu izaliwe haijafunguliwa. Mimi ndiye wa kwanza.” Kazi hiyo akanitoza mia tatu.

Kisha akaniambia nilete kasha la simu tulinganishe IMEI. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kwelikweli. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili tofauti. Yangu sasa ilikuwa na namba moja iliyorudiwa kotekote, na haikufanana na yoyote kati ya zile mbili za kwenye kasha. IMEI ina tarakimu 15, na nane za kwanza hutambulisha aina ya simu. Hizo nane zilikuwa za aina nyingine kabisa. Simu yangu ilikuwa imevalishwa kitambulisho cha simu nyingine. Kubadilisha IMEI ni kosa la jinai hapa Kenya. Na kama simu yenye namba hiyo iliibwa mahali, siku ikitafutwa itakutwa mfukoni mwangu.

Basi yule fundi wa kibandani alifanya nini? Mzee wa Njoro alinieleza, na nimelithibitisha baadaye kwa laptopu ya kuazima. Simu yangu ina chipu ya MediaTek, ambayo mafundi wengi huiflashi, yaani huiandikia mfumo upya, kwa programu ya kompyuta ya SP Flash Tool. Programu hiyo ina chaguo la Download Only, ambapo unaweza kuweka alama kwenye rikavari peke yake na kuacha vingine vyote vilivyo. Ina pia chaguo la Format All, ambalo hufagia hifadhi yote kabla ya kuweka mfumo mpya. Yeye alibonyeza la pili. Format All haifuti picha peke yake, inafuta pia kisehemu cha nvram, ambamo simu hutunza IMEI zake. Kwa hiyo aliniuzia chipu ambayo hakuiweka, akafuta namba zangu, kisha akaniuzia namba ya simu nyingine kuziba shimo alilolichimba mwenyewe. Na picha za Elburgon hazirudi: simu zilizotoka kiwandani na Android 10 kuendelea husimba data, na ufunguo ulifagiliwa pamoja na vingine. Zile programu za kuokoa picha zilizofutwa zitakuonyesha uji tu.

Sasa, ukipatwa na hili, kazi yenyewe ni hii. Kwanza usikubali simu ifutwe, hata ukiambiwa ndiyo njia pekee. Mwombe fundi aiingize kwenye fastibuti, ile hali ambayo simu hupokea amri kutoka kwa kompyuta. Kwa simu nyingi ni kubonyeza kitufe cha kuwasha pamoja na cha kupunguza sauti. Kama butiloda bado imefunguliwa, amri ya fastboot erase misc huondoa lile agizo, na mara nyingi simu inawaka pale pale na kila kitu kikiwa ndani. Isipowaka, anarudisha rikavari ya kiwandani, ya toleo lile lile la mfumo uliomo kwenye simu, si toleo la karibu wala la simu inayofanana. Angalia namba ya toleo kwa makini, ndipo wengi huharibu. Simu kadhaa za miaka ya karibuni hazina sehemu ya rikavari ya peke yake, imo ndani ya ile ya kuwashia mfumo, iitwayo boot au vendor_boot, na huko ndiko anakopaswa kushughulika. Wenye Samsung hawana fastibuti. Wao ni hali ya kupakua (Download Mode) na programu ya kompyuta ya Odin, na waliowahi kuweka rikavari yao wenyewe wajue alama ya Knox, inayoonyesha kwamba mfumo wa simu ulichezewa, ilishabadilika na hairudi, kwa hiyo anayekuuzia “kurudisha Knox” naye ni wale wale.

Kazi hii ya rikavari mzee wa Njoro angeifanya kwa mia tano. Alisema hivyo bila kujisifu, nikatamani asingesema.

Kabla simu haijatoka mkononi mwako, toa laini na memori kadi. Fundi wangu alitaka niache laini “apime netiweki”. Kwa bahati nilikataa, maana kwenye laini ndiko M-Pesa iliko. Piga *#06# na uandike namba zote mbili kwenye karatasi mbele yake, aone unaziandika. Simu isipowaka, chukua namba kwenye kasha. Akisema anabadilisha chipu, mwambie unataka ile ya zamani mkononi, kama unavyodai plagi zako kuukuu kwa fundi wa gari. Wa kwangu angekwama hapo hapo. Usilipe kwa namba yenye jina usilolijua, na ukilipa usifute ule ujumbe.

Kuna na wale wa mtandaoni, nimewapitia pia kwa kukata tamaa. Wanakuambia uweke AnyDesk wakutengenezee kutoka mbali, ulipe kwanza. Mmoja alitaka dola 25 na nenosiri la akaunti yangu ya Google. Huyo simwongelei zaidi, nadhani mnajionea wenyewe.

Kwa walioumia tayari: Mahakama ya Madai Madogo hupokea madai ya hadi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Risiti sina, alikataa kuandika, lakini nina jumbe mbili za M-Pesa, picha za ile stika na kasha langu. Suala la IMEI nimeliandikisha polisi ili ijulikane lilinifikaje. Afande aliniuliza mara mbili IMEI ni nini, kisha akaandika.

Picha za mawe ya mpaka zimebaki nne, ambazo nilikuwa nimemtumia kaka kwa WhatsApp. Jumatatu ile tulienda na hizo nne. Jirani alikuja na zake kumi na mbili.

Alhamisi iliyopita nilipanda tena zile ngazi kumpelekea barua ya madai. Nilimkuta mama mmoja ameketi kwenye stuli, mkoba magotini, simu yake iko mezani inazunguka nembo. Fundi alikuwa ameshafika kwenye “bodi imeenda”. Nikamwambia, “Mama, samahani, toa laini yako kwanza, halafu muulize kama ameichomeka kwa kompyuta.” Fundi akanitazama, akaitazama barua. Mama hakuuliza chochote. Alichukua simu yake, akanifuata hadi chini, na nikamwelekeza steji ya Njoro.