Mpini mmoja, mabapa matano: tathmini ya zana za bustani zenye mabapa ya kubadilisha

Kwa msimu mzima wa kupanda, tangu kusia mbegu kitaluni hadi kupogoa, nimetumia seti ya zana za mkono za bustani yenye mpini mmoja na mabapa matano ya kubadilisha: mwiko wa kuatikia miche, uma wa meno matatu, kijembe cha kupalilia, mundu mfupi na msumeno wa kupogolea. Kampuni iliyoitengeneza sitaitaja, kwa kuwa sehemu ya ninayoyaeleza ni kasoro, na kasoro hizo nimezikuta pia katika seti nyingine za aina hii. Kinachonishughulisha ni usanifu wenyewe, yaani maamuzi ambayo msanifu alipaswa kuyafanya kabla chuma hakijakatwa.

Wazo la mpini mmoja si geni. Wolf-Garten ya Ujerumani imeuza kwa miaka mingi mipini inayopokea vichwa vya reki, majembe na mifagio, na Felco ya Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 1945, imejijengea jina kwa mikasi ya kupogolea ambayo makali yake, springi yake na hata skrubu zake huagizwa moja moja. Ila mpini mrefu wa reki na mpini mfupi wa mwiko haviteseki kwa namna moja. Reki hukokotwa juu ya udongo, ilhali mwiko huchomekwa, hubenuliwa, husokotwa na hugongwa, pengine yote katika shimo moja la mche mmoja.

Kwa sababu hiyo, nilipoipokea seti hii sikuanza kwa kupima makali. Nilianza kwa kupima msuka, yaani ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, nikakuta una urefu wa milimita 30. Umechongwa kwa umbo la mraba linalopungua kidogo kuelekea mwisho, na umbo hilo ni zuri, maana mraba hauzunguki ndani ya tundu kama msuka wa mviringo, na ule upungufu huufanya ujikaze kila unaposukumwa. Urefu ndio unaonisikitisha. Tuchukue mwiko ambao ncha yake iko sentimita 15 kutoka kwenye kiungo. Ukiuzamisha ardhini na kuubenua dhidi ya udongo unaokinza kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 10 kwenye ncha, kitako cha msuka wa sentimita 3 hubeba takriban kilo 50, kwa kuwa mdomo wa tundu umekuwa egemeo la wenzo, na upande mmoja wa wenzo huo ni mrefu mara tano kuliko wa pili. Msuka wa sentimita 6 ungebeba nusu ya mzigo huo, na mpini una nafasi ya kutosha kuupokea.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoeleza mtikisiko ambao mkono huuhisi mapema kuliko jicho. Nafasi ya nusu milimita ndani ya tundu lenye kina cha milimita 30 hujitokeza kama milimita mbili na nusu kwenye ncha ya mwiko. Kiungo cha mwiko wangu kilifika hapo kabla ya nusu ya msimu, na tangu wakati huo kila shimo lilinitaka nisubiri bapa liegemee upande mmoja kwanza, ndipo udongo uanze kunyanyuka. Anayechimba mashimo kumi huenda asijali. Mimi huatika miche kwa mamia, na kufikia jioni kifundo cha mkono kilikuwa kinauma, kwa kuwa nilikuwa nimekaza kiganja siku nzima ili kufidia ulegevu ambao chuma kilipaswa kuuzuia.

Kijembe, mundu na msumeno, ambavyo vinatumia tundu lilelile, havikunipa shida ya namna hiyo. Kazi ya zana hizi tatu ni kuvuta, na msumeno hasa una meno yaliyoelekezwa upande wa mkono, hivyo hukata unaporudi. Bapa likivutwa halijikunji, ndiyo maana limeweza kutengenezwa jembamba. Hapa nguvu hupita sambamba na msuka wala haiubenui, na pini ndogo ya springi inayoingia kwenye kishimo cha msuka inatosha kulizuia bapa lisichomoke. Tatizo, basi, liko kwenye zana mbili zinazobenuliwa. Msanifu alizipa zana zote tano msuka wa aina moja kwa ajili ya usawa, na usawa huo umezipendelea zile tatu.

Nimefikiri sana kuhusu sururu katika majuma haya. Kichwa cha sururu hakina skrubu, kitufe wala springi, na bado hutoka na kurudi kwenye mpini wake wakati wowote. Tundu lake limepanuliwa upande mmoja, na mpini umeachwa mnene mwishoni, kwa hiyo kila unapoinua na kupiga, kichwa hukimbilia kwenye unene na kujikaza. Ukitaka kukitoa, unageuza sururu na kugonga kitako cha mpini chini. Jembe la msuka nalo hufuata njia hiyohiyo, kwani kila pigo huuzamisha msuka zaidi ndani ya kichwa cha mpini. Kazi yenyewe ndiyo inayokaza kiungo. Msanifu wa zana ndogo hawezi kuiga umbo hilo moja kwa moja, lakini anaweza kujiuliza kwa kila bapa: nguvu ya kazi hii inaelekea wapi, na je, inakaza kiungo au inakilegeza? Katika seti hii swali hilo limejibiwa vizuri kwa kusukuma na kwa kuvuta, na halikuulizwa kwa kubenua.

Kitufe cha kufungulia kimewekwa juu ya mpini, karibu na mdomo wa tundu, mahali ambapo kidole gumba hujilaza chenyewe mtu anaposukuma mwiko. Mara mbili nilikibonyeza bila kukusudia. Mara ya kwanza bapa lilibaki shimoni, jambo lisilo na madhara. Mara ya pili nilikuwa nimeushika msumeno kwa mshiko huohuo nikikata tawi lililo juu ya kichwa changu, na msumeno ukanipita karibu na bega. Hili nalieleza kwa uzito wote, kwa kuwa linarekebishika kwa urahisi. Kitufe kingesogezwa ubavuni, au kingehitaji mienendo miwili, kusukuma kwanza kisha kubonyeza, ili kisifunguke kwa mguso wa bahati mbaya. Inafaa pia tundu lenyewe litobolewe upande wa nyuma, ili maji na mchanga vipate pa kutokea. La kwangu limezibwa, na chembe za mchanga zilizojikusanya ndani yake zimeusaga msuka kama msasa. Naamini sehemu kubwa ya ule mtikisiko ilianzia humo. Siku hizi kila baada ya kazi nasukutua tundu kwa maji, nalikausha kwa kitambaa na kutia tone la mafuta.

Mpini ni kazi nzuri sana. Una unene wa milimita 34 katikati, ambao umo ndani ya kiwango cha milimita 30 hadi 50 kinachopendekezwa kwa kawaida kwa zana zinazoshikwa kwa kiganja kizima, na umbo lake ni la yai, si la duara, hivyo hauzunguki mkononi hata ukiwa na tope. Rangi yake ni ya chungwa kali. Wapo watakaoiona ni ya kelele, lakini aliyewahi kutafuta mpini wa mti uliozama katika majani yaliyopaliliwa ataelewa sababu. Kilichonifurahisha zaidi ni shingo za mabapa. Kijembe hudai pembe yake na msumeno pembe nyingine, na mpini mmoja hauwezi kuwa na pembe mbili. Msanifu amelitatua hilo kwa kuipinda shingo ya kila bapa kwa kadiri ya kazi yake, hata kifundo cha mkono kinabaki kimenyooka iwe unapalilia au unakata tawi. Mundu pekee ndio unaokosa uwiano, kwani mpini huo ni mzito kuliko bapa lake jepesi.

Mwiko na uma vimetengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, yaani chuma chenye kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, na mabapa matatu ya kukatia ni ya feleji ya kaboni. Mgawanyo huo nauunga mkono. Mwiko hukaa katika unyevu na hauhitaji makali makubwa, ilhali kijembe na mundu hunolewa mara kwa mara, na feleji ya kaboni hunoleka kwa urahisi hata kwa tupa ya kawaida, mradi ifutwe na kupakwa mafuta isile kutu.

Na kunoa ndiko kulikonithibitishia kwamba mabapa ya kubadilisha yana maana. Kijembe chenye mpini ni vigumu kukibana kwenye jiliwa, kile kifaa cha kubania kazi mezani. Mpini huzuia, na mtu huishia kukishika kwa mkono mmoja na kunoa kwa mwingine, kwa pembe inayobadilika kila mara. Bapa lililotolewa hubanwa likatulia, tupa ikapita kwa mikono miwili, na makali yakatoka sawa mwanzo hadi mwisho. Vilevile ninapopogoa mimea niliyoitilia shaka ya ugonjwa, huwa na mabapa mawili ya msumeno: moja likikata, la pili limefutwa kwa alkoholi ya asilimia 70 na linasubiri zamu yake.

Faida inayotangazwa kwenye kisanduku, kwamba mtu atabadilisha bapa papo hapo bustanini kadiri kazi inavyobadilika, sikuiona. Kuatika na kupalilia hufanyika kwa pamoja: unachimba, unakutana na kiazi cha ndago, unakichokonoa, unarudi kuchimba. Kila badiliko lilinichukua kama sekunde 15 kwa mikono misafi na zaidi ya hapo kwa mikono yenye tope, na baada ya juma la kwanza nilijikuta nafanya kazi yote ya mwiko, ya uma na ya kijembe kwa mwiko peke yake. Mwenye bustani ya kila siku atahitaji walau mipini miwili, mmoja ukiwa na mwiko muda wote.

Hapo ndipo nilipokwama. Mabapa yote matano huuzwa moja moja, na nilipata bapa la pili la msumeno bila usumbufu. Mpini hauuzwi peke yake. Mdomo wa tundu ukishapanuka, mabapa matano yasiyo na kasoro hukosa pa kushikiziwa, na njia iliyobaki ni kununua seti nzima upya. Niliwaandikia watengenezaji nikiomba mambo mawili, mpini wa akiba na msuka wa milimita 60 kwa mwiko na uma. Walijibu kwa adabu kwamba maombi yote mawili yamepokelewa. Kwa sasa nimeufunga mwiko kwenye tundu kwa kipande chembamba cha bati kilichopigwa upande mmoja wa msuka, na mtikisiko umekwisha, ila bapa hilo halitoki tena.