Kimashine cha INR cha nyumbani: nyota nne, na vipande vyake viniombe radhi

Kifua changu kimepasuliwa mara mbili. Ya kwanza 2014: mzizi wa aota, mshipa mkubwa utokao moyoni, ulikuwa umetanuka, wakaukata wakaweka bomba la kitambaa lenye vali ya chuma ndani, ile operesheni ya Bentall. Vali hiyo inadai warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yote, na INR yangu, kipimo cha damu inachelewa kiasi gani kuganda, daktari anaitaka kati ya 2 na 3. Mimi na biashara yangu ya dagaa Kibirizi, nikifika maabara nikaambiwa mashine mbovu, nasema basi, mwezi ujao. Ikapita mitano.

Vali ya chuma inalia. Usiku mume wangu huisikia kutoka upande wake wa kitanda, tik, tik, kama saa ya ukutani. Usiku mmoja akaniuliza, "Mama Zawadi, mbona saa yako imefifia?" Asubuhi nikashindwa kupanda kilima cha Mwanga bila kuketi njiani. Damu ilikuwa imeganda kwenye vali.

Kupasuliwa tena si kama mara ya kwanza. Makovu yameugandisha moyo nyuma ya mfupa wa kifua, na bomba liko jirani na msumeno. Huko Dar walinipiga picha ya CT kwanza waone nafasi iliyobaki, wakaniunganisha na mashine ya moyo na mapafu kupitia kinena kabla ya kugusa mfupa, ndipo wakabadilisha vali. Kidonda cha kinena kilinisumbua kuliko cha kifua!

Niliporudi Kigoma kaka zangu wakachanga, tukanunua kimashine. Bei yake unapata pikipiki iliyotumika. Unachoma kidole, tone moja kwenye kipande cha kupimia, dakika haiishi namba imetoka. Nimekilinganisha na maabara mara tatu. Tofauti kubwa ilikuwa 2.4 kwa 2.6. Mwezi Machi nilipewa Flagyl kwa ajili ya tumbo, kumbe inaizidishia warfarin nguvu, siku ya nne kikasoma 4.8. Nikampigia daktari, akasimamisha dozi mbili za warfarin. Bila kimashine ningejuaje? Sombe (kisamvu) nakula, ila kiasi kilekile kila wiki, maana mboga za majani huipunguzia warfarin nguvu.

Sasa lawama. Tone liingie ndani ya sekunde 15 tangu uchome kidole, na likiwa dogo kinakataa, kipande kimekufa. Mikono iliyotoka kushika migebuka alfajiri haitoi damu, kwa hiyo nanawa maji ya vuguvugu na kuuning'iniza mkono kwanza. Kipande kimoja zaidi ya shilingi 12,000, boksi lina 24, na linatoka Dar kwa basi. Safari moja duka liliniletea boksi lililobakiza wiki tatu kuisha muda, na kurudisha wakagoma.

Mwenye kujua anayeuza vipande hapa Kigoma au hata Tabora aandike hapo chini. Vyangu vimebaki vinne.