Usiku wa mwisho Dubai: Deira, Al Rigga, Garhoud au ndani ya uwanja?

Anayemaliza wiki ya manunuzi Deira, eneo la kale la biashara Dubai, tayari ana chumba, kwa hiyo ukimuuliza atalala wapi usiku wa mwisho anakuona unapoteza muda wake. Si palepale? Mara nyingi sivyo. Hoteli ya Naif au Al Sabkha, mitaa ya ndani ya Deira, ilichaguliwa kwa sababu maduka yako chini yake na bei inavumilika. Usiku wa kuondoka hesabu inabadilika: lifti inachukua mabegi mangapi kwa mara moja, teksi inaweza kusimama mlangoni, na je, mapokezi kuna mtu saa kumi alfajiri? Kitanda kinakuja nyuma ya hayo, maana wengi hawakilalii hata kwa muda wa saa nne.

Anza na tiketi. Uwanja wa Dubai International (DXB) una terminal tatu, na moja kati yake haiko pamoja na wenzake. Terminal 1 na Terminal 3 ziko upande mmoja na kila moja ina stesheni yake ya Metro, treni ya mjini, njia nyekundu. Terminal 2, makao ya shirika la ndege la flydubai, iko ng'ambo ya njia za kurukia ndege na haina stesheni yake. Iliyo jirani ni Airport Free Zone ya njia ya kijani, na mwenye mzigo akishuka hapo bado atatafuta teksi. Emirates wanaondokea Terminal 3. Kenya Airways na Ethiopian wako Terminal 1. Wa kuchunga ni flydubai, kwa sababu baadhi ya safari zao zinatoka Terminal 3. Soma namba ya terminal siku unayonunua tiketi, kisha isome tena siku ya safari. Ukishushwa terminal isiyo yako, unazungushwa uwanja mzima kwa barabara na mita ya teksi inahesabu.

Halafu saa. Tiketi iliyoandikwa 02:35 tarehe 15 ni saa nane na dakika thelathini na tano usiku wa kuamkia tarehe 15. Maana yake hotelini unatoka tarehe 14, saa tano usiku. Kila msimu kuna mtu anayelipia hoteli hadi tarehe 15, akalala vizuri, na kufika kaunta saa ishirini na nne baada ya ndege kuondoka. Neno "kuamkia" linatuokoa, lakini tukiacha kulitumia tunajichanganya wenyewe: mtu wa pwani akisema "usiku wa Ijumaa" anamaanisha Alhamisi jua likishazama, na mwenzake wa bara anasikia Ijumaa usiku. Mkisafiri wawili kwa mpango mmoja, andikianeni tarehe na saa kama zilivyo kwenye tiketi.

Saa hiyo ndiyo inayoamua kama unahitaji kulala popote. Kwa ndege ya kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri, kuhamia hoteli mpya ni hela ya bure. Bora uongeze muda kwenye chumba ulichonacho. Kawaida chumba kinaachiwa saa sita mchana, na hoteli nyingi za Deira zinakubali kukuuzia nusu siku hadi jioni au usiku. Bei hiyo ipatane jana yake jioni, wakati mapokezi wanajua vyumba vingapi viko wazi. Ukisubiri saa sita mchana ifike, mgeni mwingine ameshasimama na sanduku lake nyuma yako, na nguvu ya kujadili umeipoteza. Wakikataa, waachie mabegi wayatunze, dai vijikaratasi vya namba, na pasipoti na pesa zibaki nawe. Ndege ya asubuhi, saa tatu au nne, ndiyo inayostahili usiku mzima wa kulipia, na ndiyo inayozungumziwa hapa chini.

Deira ya ndani, yaani Naif, Al Sabkha na mitaa inayozunguka Baniyas Square, ina sifa zake na hakuna wa kuzipinga. Ofisi za kago ziko hatua chache, chakula kinapatikana usiku wa manane, na ukigundua saa nne usiku kwamba begi limechanika zipu, la kununua jipya lipo mtaa wa pili. Kutoka hapo hadi Terminal 1 au 3 ni kilomita 5 au 6, teksi dirham 20 na kitu. Udhaifu wake uko mlangoni. Vichochoro vingine ni vyembamba na dereva hasimami, kwa hiyo mabegi yanaburutwa hadi barabara kubwa. Na lifti, hapo ndipo pa kuangalia kabla hujalipa. Ndani ya lifti ya hoteli ndogo kuna kibati kilichoandikwa watu 6, kilo 450. Ingiza toroli moja yenye mabegi manne, mhudumu mmoja na wewe: uzito umo, ila nafasi haipo, mlango unagonga begi na kufunguka tena, huku ghorofa ya tano kuna familia imebonyeza kitufe. Kundi la watu wanne linaloondoka pamoja litatumia nusu saa kushuka tu. Ukibaki Naif, omba chumba cha ghorofa ya kwanza au ya pili usiku wa mwisho.

Ila ghorofa ya chini ina lake. Hoteli kadhaa za nyota mbili na tatu eneo hilo zina kumbi za muziki chini, nazo hupiga hadi saa tisa usiku. Uliza waziwazi kama kuna ukumbi na uko upande gani. Wakijibu "muziki haufiki juu", panda mwenyewe ukasikilize saa tatu usiku, kabla ya kutoa pesa.

Kwa maoni yetu chaguo bora la mfanyabiashara mwenye mabegi mawili ni Al Rigga, pamoja na eneo la Port Saeed karibu na Deira City Centre. Barabara ni pana, teksi zinapita usiku kucha, vyumba vingi ni vikubwa kidogo kuliko vya Naif, na Metro iko palepale. Ukipanda Al Rigga kuelekea Centrepoint, mwisho wa njia nyekundu, unapita Deira City Centre na Al Garhoud, inafuata Terminal 1, kisha Terminal 3. Kituo cha nne umefika, nauli dirham 3 kwa kadi ya Nol ya kawaida, ile ya kulipia usafiri. Anayelala Baniyas Square yuko njia ya kijani, na itambidi ashuke Union abadilishe, ngazi na lifti zikiwa na watu.

Metro ina masharti mawili ambayo watu huyajua wakishachelewa. Kwanza saa. Siku nyingi inaanza saa kumi na moja alfajiri, lakini Jumapili inaanza saa mbili asubuhi, kwa hiyo mwenye ndege ya Jumapili saa nne asubuhi asiihesabu kabisa. Pili mzigo. Kila abiria anaruhusiwa begi moja kubwa lisilozidi sentimita 81 kwa 58 kwa 30, na dogo moja la 55 kwa 38 kwa 20. Shangazi kaja lililotuna halipiti, boksi la televisheni ndiyo kabisa. Mwenye vitu hivyo achukue teksi kubwa, na aiitishe kwa programu ya simu au kupitia mapokezi usiku uliotangulia. Usishtushwe na hadithi za teksi kuanzia dirham 25: hiyo ni kwa anayetoka uwanjani.

Garhoud ndiyo inayopendekezwa na kila tovuti, kwa kuwa ukitazama ramani iko ubavuni mwa uwanja. Premier Inn iko mkabala na Terminal 3, Millennium Airport na Le Méridien hazipo mbali. Ni hoteli tulivu, mapokezi hayalali na usafi hauna shaka. Kwa familia yenye watoto au mzee ni pazuri kweli. Kwa mfanyabiashara tuna mashaka. Unalipa zaidi ili kuokoa dakika 10 za barabara ambayo alfajiri haina foleni, na unakaa mbali na duka, kago na mkanda wa kufungia maboksi. Basi la bure la hoteli, pale lilipo, lina ratiba na viti vichache. Jina liandikwe usiku, na mabegi matano ya mtu mmoja huenda wakayakataa. Terminal 2 tena haimo kwenye ratiba ya kila hoteli, kwa hiyo abiria wa flydubai aulize kwanza.

Kulala ndani ya uwanja kuna sura mbili. Dubai International Hotel iko baada ya uhamiaji, maana yake huwezi kuingia bila bodingi pasi na bila kukabidhi mizigo, na bei yake ni ya msafiri asiye na pa kwenda. Vitini karibu na kaunta ni bure, lakini taa haizimwi, kiyoyozi ni kikali, na mwenye mabegi halali, analinda. Kwa saa tatu, sawa. Kwa usiku mzima ni adhabu.

Lipo jambo linalobadilisha hesabu yote, na abiria wetu wachache wanalitumia. Emirates wanapokea mizigo ya safari za Afrika Mashariki kuanzia saa 24 kabla ya ndege pale Terminal 3, na wana kaunta mjini DIFC, mtaa wa mabenki na ofisi za fedha, karibu na stesheni ya Financial Centre, inayopokea hadi saa 4 kabla ya safari. Ukikabidhi mabegi mchana, jioni unabaki na begi la mkononi tu. Hapo hata chumba cha bei ya chini Naif, lifti mbovu na yote, kinatosha, na alfajiri unapanda Metro kama mkazi. Ubaya wake ni mmoja: ukisahau chaja au dawa ndani ya begi, hairudi.

Kama mabegi unabaki nayo, chumba cha usiku wa mwisho lazima kiwe na sakafu. Vyumba vingi vya Naif vina nafasi ya kufungua sanduku moja. La pili linafunguliwa kitandani. Na kufungua utafungua, kwa sababu ya mzani. Tiketi nyingi za Afrika Mashariki ni mabegi mawili ya kilo 23, na begi moja lisivuke kilo 32 hata ukilipia ziada. Nunua mzani wa kuning'iniza, pima ukiwa chumbani, bakiza kilo moja ya tahadhari kila begi. Anayepangua mzigo mbele ya kaunta huishia kuvaa makoti matatu.

Umbo nalo lina sheria. Tangu Machi 2017 DXB hawapokei begi lisilo na walau upande mmoja bapa, kwa kuwa mikanda ya kusafirishia inakwama. Shangazi kaja lililofungwa kamba likawa kama tikiti maji linarudishwa likafungwe upya. Kiini cha ubapa ni boksi gumu: weka boksi tupu chini ya mfuko kabla ya kujaza nguo, kisha zungushia mkanda kwa mapana. Pawabenki isiwekwe humo. Inakwenda mkononi, na kwa Emirates, tangu Oktoba 2025, ni moja tu kwa abiria, isiyozidi saa-wati 100 (kipimo cha nishati ya betri), na hairuhusiwi kutumika ndani ya ndege. Ile ya mAh 20,000 ni kama saa-wati 74, inapita.

Wanaodai kurudishiwa kodi ya asilimia 5 waongeze nusu saa. Risiti inahusika ikiwa manunuzi yalifika dirham 250 na duka lilisajili mauzo hayo kwenye mfumo wa kurejesha kodi. Uhakiki unafanywa kabla ya kukabidhi mabegi, kwa sababu bidhaa zinaweza kuombwa zionekane.

Sharjah, mji jirani, hatuipendekezi kwa usiku huu. Vyumba ni nafuu, lakini ndege ya saa nne inakutoa kitandani katika saa ileile ambayo nusu ya Sharjah inakwenda kazini Dubai, na foleni ya barabara ya Al Ittihad haina huruma na mwenye tiketi. Kitanda cha kukodi kwenye fleti ya watu kumi, kile kinachotangazwa kwa mdomo, pia tungekiacha: risiti hakuna, mlango una funguo mbili tu, na saa tisa usiku unakokota mabegi juu ya miguu ya waliolala.

Bei unayoiona mtandaoni mara nyingi si ya mwisho. Kuna ada ya utalii ya dirham 7 hadi 20 kwa chumba kwa usiku kulingana na nyota, na aghalabu inadaiwa mapokezi. Kuna pia amana, pesa ya dhamana unayoiacha ukiingia. Uliyoitoa kwa fedha taslimu idai usiku, kabla hujapanda kulala, kwa kuwa mhudumu wa alfajiri anaweza kuwa hana ufunguo wa droo. Ile ya kadi inachukua siku kadhaa kurudi, kwa hiyo piga picha ya karatasi ya kufungia hesabu kabla ya kuondoka.