Tangi la lita 1,080 la "bunju mkubwa": kioo kizuri, jina linapotosha

Seti hii ya kufugia bunju, samaki wa bahari anayejivimbisha, inauzwa Dodoma ikiwa kamili: tangi la kioo cha milimita 15, urefu sentimita 240, upana 75, kimo 60, pamoja na sampu (tangi dogo la kuwekea vifaa), skima (kifaa cha kutoa uchafu kwa povu), pampu ya kurudisha maji, hita mbili za wati 500 na mashine ya RO (inayosafisha maji kwa kuyapitisha kwenye utando). Ufundi ni safi. Silikoni imenyooka, stendi ya chuma haichezi, na boya la kujazia maji kwenye sampu linafunga bila kuvuja. Likijaa, tangi na maji yake hufika karibu tani 1.3, kwa hiyo liwekwe chini kwenye zege, si ghorofani.

Kasoro kubwa iko kwenye jina. Bunju mkubwa hasa ni Arothron stellatus, mwenye vidoa vyeusi mwili mzima, anayeweza kufika sentimita 120. Dukani huwa wa kiganja tu, na hapo ndipo mnunuzi anaponasa. Urefu wa mita 2.4 unapendeza macho, lakini samaki hugeukia kwenye upana. Akishafika sentimita 80, ndani ya upana wa 75 atajikunja kila anapogeuka na kusugua pua kwenye kioo, na ngozi yake haina magamba ya kuikinga. Huyo anahitaji upana usiopungua sentimita 120 na lita 3,000 kwenda juu. Wa kuwekwa humu ni bunju mwingine, Arothron hispidus, anayekomea karibu sentimita 50, na awe peke yake.

Hita zimebandikwa ndani ya tangi. Hilo ni kosa la mtu asiyemjua bunju. Meno yake manne yameungana kama mdomo wa kasuku na huvunja ganda la kaa, seuze bomba la hita. Zihamishiwe kwenye sampu kabla ya kutia maji, nyaya zote zipite nje, na saketi iwekewe swichi inayojikata umeme unapovuja. Usiku wa Juni na Julai Dodoma ni wa baridi, hivyo hita zenyewe ni za lazima. Lengo ni nyuzi 24 hadi 27.

Skima imeandikwa "lita 1,000". Kipimo hicho ni cha tangi lenye samaki wachache wadogo. Bunju anakula nyama na kuchafua maji ipasavyo, kwa hiyo badilisha uweke ya lita 2,000. Kuna sababu nyingine pia: Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji hushika oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 12 kuliko pwani. Pampu moja ya kurudisha maji haitoshi kuchangamsha uso wa maji. Ongeza ya mawimbi yenye kizimba kigumu, na pampu ya hewa ya betri kwa ajili ya umeme kukatika.

Sasa maji, ambako ndiko pesa inakoishia. Maji ya jiji hutoka zaidi visima vya Makutupora, na ni magumu. Ule ukoko mweupe wa ndani ya birika ndio utakaoziba utando wa RO. Seti haina chujio la kulainisha maji kabla ya utando, na bila hilo utando hautadumu. Kila lita moja safi hutupa kama lita tatu. Kubadilisha asilimia 20 ya maji kila wiki mbili ni lita 216 safi na karibu lita 650 za kumwaga, sawa na madumu 32 ya lita 20. Yakusanye ya chooni na ya kudekia.

Chumvi ya akwariamu ni takribani gramu 36 kwa lita: kilo 39 kujaza mara ya kwanza, kisha karibu kilo 8 kila ubadilishapo. Chumvi ya mezani haifai hata kwa dharura, kwani ni sodiamu kloridi tupu, bila magnesi na kalsi inavyotakiwa. Kiangazi, hewa kavu hunyonya maji na kuacha chumvi nyuma, hivyo boya lijaze maji ya RO yasiyo na chumvi. Uzito wa maji ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi ubaki 1.022 hadi 1.025. Samaki asiingie kabla amonia na naitraiti, sumu zitokanazo na uchafu, hazijasoma sifuri; hesabu wiki nne hadi sita.

Muuzaji anasema alishe minofu. Minofu peke yake hurefusha meno mpaka mdomo usifunguke vizuri. Agiza soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, kome, kaa na kamba wenye maganda, waliogandishwa, na mlishe kwa koleo refu kwa sababu anaweza kukata kidole.

Ile chupa ya dawa ya shaba inayotolewa kama zawadi iache dukani. Bunju haivumilii vizuri. Akihamishwa, akingwe kwa ndoo ndani ya maji, asiinuliwe kwa wavu: akijijaza hewa, kuitoa ni kazi. Akifa, mfukie kwa kina mbwa asichofikia. Sumu yake haiishi kwa kupikwa.

Nyota tatu kati ya tano. Zitakuwa nne hita zikihamia sampu na upana ukiandikwa wazi kwenye tangazo.