Silinda na pistoni za chenso kuukuu: pitisha pamba kwenye matundu kabla hujalipa

Msimu uliopita chenso yangu (msumeno wa injini) aina ya Stihl 038 ilinoki, yaani pistoni iling'ang'ania ndani ya silinda, katikati ya kazi huku Mafinga, magogo ya paini yako chini na lori la mteja limeshapaki. Nikatuma pesa Kariakoo, seti ya silinda na pistoni ikapanda basi la usiku, asubuhi fundi akaifunga. Ilikata matangi 11 ya mafuta. Tangi la 12 ikaanza kutoa mlio wa kokoto ndani ya sufuria, ikazima. Fundi alipofungua tukakuta ringi ya juu ya pistoni imevunjika vipande vitatu, na kuanzia tundu la ekzosi kwenda juu silinda imechimbika mifereji.

Nilipompigia muuzaji hakuniuliza hata swali moja. “Dada, hapo umekosea mchanganyiko,” akimaanisha wa petroli na oili. Mafuta yale yale, ya dumu lile lile, ndiyo yaliyokuwa yanaendesha chenso zangu nyingine mbili siku hiyo, na mpaka leo zinakata.

Nilikaa na silinda ile mezani jioni nzima. Nikaingiza kidole ndani na kukipitisha taratibu juu ya tundu la ekzosi, kikakwaruzwa. Ukingo wa tundu ulikuwa mkali kama mfuniko wa kopo lililofunguliwa sasa hivi. Nikachukua silinda ya zamani, iliyotoka na mashine kiwandani, nikafanya vivyo hivyo: kidole kikapita laini, kwa sababu ukingo wake ulilazwa kidogo kuzunguka tundu zima. Tofauti hiyo haifiki unene wa ukucha, na hakuna muuzaji aliyewahi kunitajia.

Kazi ya ukingo uliolazwa ni hii. Ringi hutanuka wakati wote kuusukuma ukuta wa silinda. Ikifika penye tundu inakosa ukuta, basi inatokeza kidogo kuelekea nje, halafu ukingo unairudisha ndani. Ukingo ukiwa umelazwa, inarudi kwa kuteleza. Ukiwa mkali, inagonga. Chenso ikizunguka mara 9,000 kwa dakika, ringi inapita tundu la ekzosi mara 300 kila sekunde. Tundu hilo ni pana na lina joto kuliko mengine, ndiyo maana uharibifu huanzia hapo.

Kwa hiyo sasa nikienda dukani nabeba pamba za masikio kwenye mkoba. Naizungusha pamba ndani ya silinda, juu na chini ya kila tundu: la ekzosi, la kuingizia, na yale ya pembeni. Ikiacha nyuzi, ukingo ni mkali. Muuzaji akikataa nisifungue boksi, namwachia boksi lake. Ukishanunua na pamba ikanasa, bado unaweza kuiokoa kwa msasa laini uliozungushwa kwenye kijiti, ukivuta kutoka ndani ya silinda kuelekea kwenye tundu. Usirudishe mkono upande wa pili, maana utabandua gamba gumu la nikeli au kromu lililopakwa ukutani. Halafu osha kwa maji moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kitoke safi, kausha, paka oili.

Suala la spea ipi inaingiliana na mashine ipi nitalipita haraka, ila ndilo linalowapotezea wengi nauli. Kwa Stihl, tarakimu 4 za mwanzo za namba ya spea zinataja familia ya mashine: 1119 ni ya 038 na MS 380, 1106 ni ya 070 na 090, 1122 ni ya 064 na 066. Familia moja haimaanishi pistoni moja. 070 ina kipenyo cha mm 58, 090 ina mm 66. 064 ni mm 52, 066 ni mm 54. Hata 038 zenyewe hazilingani: Super ni mm 50, Magnum ni mm 52. 044 ndiyo mtego mkubwa, kwa sababu zote ni mm 50 lakini za mwanzo zina pini ya pistoni (inayoishika pistoni kwenye mkono wake) ya mm 10 na za baadaye mm 12. Usiagize kwa kutaja jina la mashine peke yake. Pima pistoni ya zamani, pima na pini, tuma picha ya vyote viwili.

Sasa mpangilio wangu wa nini cha kununua kwanza.

Chaguo la kwanza, na sitaficha kwamba napendelea: baki na silinda yako ya kiwandani, nunua pistoni ya Meteor kutoka Italia. Chenso ikinoki, mara nyingi kinachoonekana ukutani ni alumini ya pistoni iliyoyeyuka ikanata juu ya gamba, na gamba lenyewe liko salama chini yake. Kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, huila alumini na kuacha nikeli na kromu. Vaa glavu na miwani, fanyia kazi nje, paka kidogo kwa pamba juu ya ile iliyonata tu. Ikichuruzika kwenye tundu itaila silinda yenyewe, maana nayo ni alumini. Suuza sana, kisha pitisha ukucha. Ukikuta ukuta laini, silinda hiyo ina maisha. 038 yangu niliifufua hivyo hivyo, kwa ile silinda niliyokuwa nimeshaitupa kwenye kona ya stoo. Meteor niliiagiza nikaisubiri, na naisubiri tena nikihitaji. Umaliziaji wake ni safi, ringi inakaa vizuri kwenye mfereji wake. Mshale wa juu ya pistoni uelekee ekzosi, la sivyo ncha za ringi zinaweza kuangukia tunduni.

La pili ni silinda ya kiwandani iliyotumika, kutoka kwenye chenso iliyokufa kwa krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) au kwa kukanyagwa na lori. Kwa mafundi zimelala nyingi. Ifanyie jaribio la ukucha na la pamba, inunue kwa mapatano.

La tatu ni seti mpya kamili kwa wakala. Ningeiweka juu kama si bei, inayokaribia kukununulia mashine nyingine.

Seti zisizo na jina, zile za kwenye mfuko wa nailoni: nunua kama una msasa na muda. Klipu zake za pini tupa, weka za kiwandani.

Na kabla ya kufunga chochote, tafuta kilichoua ya kwanza. Sili ya krenki ikivuta hewa, hata Meteor itanoki wiki hiyo hiyo.

Kinachoniuma mpaka sasa ni ile risiti. Chini imepigwa muhuri “Mali ikishauzwa hairudishwi”, na boksi lilikuwa na rangi zote za kampuni halisi, lakini silinda ndani haina hata namba iliyochongwa. Niliuziwa kwa bei ya jenyuini. Mpasua mbao anayekodi chenso kwa siku akipata silinda kama ile, anapoteza chenso, kibarua na dhamana aliyoweka kwa mwenye mashine. Wauzaji wanajua kilichomo ndani ya maboksi yao. Nilipofika dukani mwenyewe mwezi uliofuata na kuomba kufungua mawili nilinganishe, kijana wa kaunta aliniambia mzigo wa aina hiyo umeisha, na mimi nauona kwenye shelfu nyuma ya kichwa chake.