Runinga janja au kisanduku cha pembeni: kipi kinunuliwe kwanza, kipi kisiguswe

Kioo cha runinga nzuri kinaweza kutimiza miaka kumi na picha ikabaki safi. Programu za mtandaoni kama Netflix na YouTube, zilizomo ndani ya runinga janja, hazifiki huko. Tarehe 1 Desemba 2019, Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya runinga za Samsung za mwaka 2010 na 2011. Zilikuwa zinawaka, rangi ziko sawa, sauti iko sawa, ila programu ile haikufunguka tena. Miaka minne kabla ya hapo, YouTube nayo ilikuwa imeviacha vifaa vingi vilivyotengenezwa 2012 na kurudi nyuma. Wenye runinga hizo hawakuwa na haja ya kioo kipya. Walihitaji kitu kidogo tu cha kuchomeka nyuma: kisanduku cha pembeni, chenye mfumo na programu zake chenyewe.

Kwa hiyo mimi hupanga machaguo haya kwa kuuliza: kipi kitachakaa mapema, na kikichakaa nitalazimika kutupa nini?

Runinga kubwa isiyo janja karibu haipatikani tena madukani. Utauziwa ujanja utake usitake, basi usipoteze muda kuitafuta isiyo nao. La kuamua ni pesa yako iende wapi: kwenye kioo, au kwenye sifa zilizoandikwa juu ya boksi.

1. Kioo kizuri, pamoja na kisanduku kinachotambulika

Hili ndilo chaguo langu la kwanza kwa anayenunua upya. Chagua runinga kwa picha yake: weusi uwe weusi kweli, mwanga utoshe chumba chako, rangi zisififie ukitazama kutoka ubavuni. Mfumo wake usikushughulishe sana. Kazi ya kuendesha programu mwachie Apple TV 4K, Google TV Streamer au Roku, pale zinapouzwa.

Tofauti huonekana zaidi kwenye nafasi ya kuhifadhi programu. Runinga nyingi za bei ya chini huja na hifadhi ya GB 8, na sehemu kubwa imeshaliwa na mfumo kabla hujaiwasha. Ndipo unapojikuta unafuta programu moja ili nyingine isasishwe. Google TV Streamer iliyotoka 2024 ina RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4 na hifadhi ya GB 32. Apple TV 4K ya 2022 inaanzia GB 64, lakini angalia vizuri: ile ya GB 64 haina tundu la kebo ya mtandao, ya GB 128 ndiyo inayo. Na kebo ina maana, kwa sababu tundu la mtandao la runinga nyingi huishia megabiti 100 kwa sekunde.

Wanaolalamikia rimoti mbili, dawa ipo ndani ya mipangilio na wengi hawaiwashi. Inaitwa CEC, ingawa kila kampuni imeibandika jina lake: Samsung wanaiita Anynet+, LG Simplink, Sony Bravia Sync. Ukiiwasha, kubonyeza rimoti ya kisanduku kunawasha runinga, kunabadili chanzo cha picha na kunapandisha sauti. Rimoti ya runinga unaweza kuiweka kabatini.

Jambo jingine linalowapita watu: ukichomeka kisanduku cha 4K (picha yenye nukta mara nne ya Full HD) halafu picha ya HDR, yenye mwanga na rangi pana zaidi, haiji, usikimbilie kurudisha mzigo dukani. Kwenye runinga nyingi, tundu la HDMI, linalopitisha picha na sauti, halifunguliwi kwa uwezo wake wote mpaka uliruhusu kwenye mipangilio. Kwa Samsung tafuta Input Signal Plus; kwa LG tafuta HDMI Deep Colour. Ukiwa na spika ya pembeni, ichomeke kwenye tundu la HDMI lililoandikwa ARC au eARC, ambalo hutoa sauti ya runinga kwenda kwenye spika, kisanduku kikae kwenye tundu jingine.

2. Runinga uliyonayo, pamoja na kisanduku

Kama runinga yako ina tundu la HDMI na picha yake bado inakuridhisha, chaguo hili linapanda juu ya la kwanza bila mjadala. Full HD ni nukta 1920 kwa 1080, na kwenye kioo cha inchi 32 ukikaa mbali kidogo, hutaona alichopata jirani mwenye 4K. Nunua kisanduku cha kawaida, pesa iliyobaki ikae mfukoni. Ukija kununua kioo kipya siku za mbele, kisanduku kitahamia huko.

Runinga yenye matundu ya nyekundu, nyeupe na njano peke yake ni habari nyingine. Vigeuzi vya HDMI kwenda AV vipo, lakini ulinzi wa hakimiliki uitwao HDCP unaweza kukuachia kioo cheusi huku sauti ikitoka. Sishauri kujenga juu ya hiyo.

3. Runinga janja peke yake

Ni chaguo zuri kwa chumba cha kulala, kwa mzazi asiyetaka kujua habari za chanzo cha picha, au kwa nyumba ambayo watu hutazama YouTube na programu mbili tatu za kawaida. Waya ni chache na rimoti ni moja. Hapo sasa mfumo ndio unaobeba kila kitu, kwa hiyo uchague kwa makini: Google TV, Tizen ya Samsung, webOS ya LG, Roku. LG ina mpango wa kusasisha webOS kwa miaka mitano, na Samsung imetangaza hadi miaka saba kwa Tizen kwenye runinga zake za karibuni. Ahadi ya namna hiyo ina thamani kuliko maandishi yoyote ya "akili bandia" kwenye boksi.

Zipo runinga zinazouzwa kama za Android ambazo hazijaidhinishwa na Google. Utazijua: skrini ya mwanzo inafanana na ya simu, na rimoti inasogeza mshale kama wa kompyuta. Hizo ziache. Ukiwa dukani, omba runinga iunganishwe na mtandao, fungua YouTube, cheza video, bonyeza kitufe cha nyumbani, ingia kwenye mipangilio, kisha urudi kwenye video. Ikikwama ikiwa mpya, haitachangamka ikizeeka.

4. Kijiti cha kuchomeka

Fire TV Stick na wenzake wanafaa kwa safari na kwa runinga ya pili. Tatizo lao kubwa ni umeme. Tundu la kawaida la USB 2.0 la runinga hutoa nusu ampea tu, na vijiti vingi vinataka zaidi, basi kijiti kinajizima na kujiwasha katikati ya filamu na mtu analaumu intaneti. Tumia adapta iliyokuja nacho, uichomeke ukutani. Kama Wi-Fi inasuasua, kamba fupi ya kurefusha HDMI hukitoa kijiti mgongoni mwa runinga na mawimbi huingia vizuri zaidi.

5. Visanduku visivyo na jina: usiguse

Hapa naomba unisikilize kwa makini. Vile visanduku vya Android vya bei ya kutupa, vyenye ahadi ya chaneli zote bila malipo, vingine huja na programu hasidi tangu kiwandani. Mwaka 2023 kisanduku cha T95 kilikutwa hivyo. Juni 2025, FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vya nyumbani vilivyoambukizwa, visanduku vya aina hii vikiwemo, ambavyo wahalifu huvitumia kupitisha shughuli zao kwenye intaneti ya mwenye nyumba. Hata pasipo hayo, kisanduku kisichoidhinishwa mara nyingi hakina kiwango cha ulinzi wa hakimiliki kinachotakiwa na programu za filamu, na Netflix itakupa picha hafifu hata kama boksi limeandikwa 8K.

Intaneti na faragha

Chochote utakachochukua hakitazidi mtandao wako. Netflix inashauri megabiti 3 kwa sekunde kwa picha ya 720p (HD ya kawaida), 5 kwa 1080p (Full HD) na 15 kwa 4K. Saa moja ya 4K inaweza kula hadi GB 7, ya HD hadi GB 3. Anayetumia bando ashushe ubora ndani ya akaunti yake kabla ya kitu kingine chochote.

Runinga nyingi janja pia hutambua unachotazama na kukiripoti, hata kinachopita kwenye HDMI. Mwaka 2017 kampuni ya runinga ya Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 huko Marekani kwa kukusanya taarifa hizo kwenye runinga milioni 11 bila ridhaa ya wenye nazo. Ukiwa na kisanduku, runinga yenyewe haina haja ya Wi-Fi, usiipe nywila. Ikihitaji sasisho, kampuni nyingi huweka faili kwenye tovuti zao: ipakue, iweke kwenye flashi, chomeka flashi hiyo kwenye USB ya runinga, sasisha, kisha uichomoe.