Chuo cha udereva cha huku Mbeya: nilienda na woga wangu, haya ndo niliyoyakuta

Jamani mi sio mtu wa kuandika maoni mtandaoni ila kwa hawa naandika, maana kirikuu yangu, kile kipikapu kidogo cha mizigo, mwaka na miezi minne nilikuwa naiangalia tu uani kama ng'ombe wa mahari, kuendesha mwenyewe naogopa. Nauza viazi, nachukua Isyonje naleta Mwanjelwa, gari langu, kadi jina langu, alafu namlipa mtu aniendeshee. Elfu kumi na tano kwa tripu, tripu tatu kwa wiki, hapo hujaweka msosi wake na zile "dada nimepata pancha" ambazo sijui kwa nini zilikuwa zinatokea Jumamosi tu. Siku nilipokaa na kalkuleta ikavuka milioni tatu nikafunga daftari. Na hiyo sijahesabu yule baba mwenye hoteli kule Forest aliyetaka viazi kila siku saa kumi na mbili asubuhi, nikamwambia siwezi, dereva wangu haamki. Uongo mtupu, aliyekuwa haamki ni mimi na woga wangu.

Woga wenyewe niliununua kwa hela. Miaka ya nyuma niliwahi kujiandikisha chuo kingine, sitakitaja, siku ya pili tu mwalimu akaniingiza barabara kuu pale Mafiati, gari likanizimikia kwenye kimlima, nyuma lori la Tunduma linapiga honi, gari likaanza kurudi nyuma huku yeye anapiga dashibodi anafoka "kanyaga! sio hiyo! mama we kaa jikoni!" Nilishuka miguu inatetemeka, nikapanda bajaji, ada yangu nikawaachia.

Sa hapa nilikokuja safari hii nilikabidhiwa mzee mmoja wa makamo, mpole, anaongea kama anabembeleza mtoto alale. Siku ya kwanza hata hakuwasha gari, Corolla ya zamani imepaki, akaniuliza mama unaogopa nini. Nikasema naogopa barabara. Akasema hapana, barabara ni kubwa mno, nitajie kitu kimoja. Nikasema malori. Hapana, ukiwa kwenye daladala malori si unayapita, huyaogopi. Nikakaa kimya weee mwisho nikasema naogopa gari kurudi nyuma mlimani. Akacheka akasema basi hicho kinafundishika.

Akanipeleka kwenye kimlima fulani upande wa kuelekea Loleza, hakuna magari, wapo mbuzi tu. Alafu hamuwezi amini, akasema leo tunarudi nyuma makusudi. Niachie breki gari lirudi kidogo, nikanyage, lisimame. Tena. Tena. Mara ya kumi na kitu nikagundua kumbe linarudi nusu hatua tu na mguu wangu ndo unaoamua. Ndipo akanifundisha sasa, hendibreki juu, gia namba moja, mafuta kidogo, klachi iachie taratibu mpaka usikie injini inabadilika sauti na pua ya gari inanyanyuka kama mtu anayetaka kuongea, hapohapo shusha hendibreki, linaondoka lenyewe. Ile pua kunyanyuka! Nilikuwa naiota usiku.

Kitu kingine alichonishika nacho ni macho. Nilikuwa naukodolea mtaro ili nisitumbukie, na gari linaenda kulekule mtaroni. Akasema mikono inafuata macho mama, angalia unakokwenda. Na kwenye mteremko vilevile, mwoga anakanyaga breki kutoka juu mpaka chini, zinachemka, zinanuka, mwisho hazishiki, yani hofu inakuletea ajali ileile uliyokuwa unaikimbia. Dawa yake teremka na gia ndogo injini ilishike gari, breki uikanyage na kuiachia. Na wale wa kuweka nyutro eti wanabana mafuta, mzee akisikia hayo anakasirika, siku pekee niliyomwona amekunja sura.

Mdogo wangu anayesoma pale MUST, chuo kikuu chetu cha sayansi na teknolojia, nilipomsimulia akaniambia hayo yalishapimwa zamani, Wamarekani wawili, Yerkes na Dodson, mwaka 1908, walikuwa wanafundisha panya kuchagua njia na akikosea anapigwa shoti ya umeme. Kazi ikiwa rahisi shoti kali ilimharakisha panya kujifunza, ila kazi ikiwa ngumu shoti kali ikamchelewesha. Nikasema ehee, basi pale Mafiati mi nilikuwa panya. Ila na mzee huyu shoti alikuwa anaweka, sio kwamba ni kudekezana, wiki ya tatu alinipeleka Kabwe saa kumi na moja jioni, boda kulia bajaji kushoto, nililowa jasho na ilikuwa Julai ile baridi yetu mnaijua.

Ubaya wao sasa. Gari moja wanafunzi tisa, unaweza kukaa kwenye benchi saa mbili kusubiri zamu yako. Kioo cha nyuma hakipandi, beba koti. Darasa la alama za barabarani wanalikimbiza, bango lenyewe limepauka hujui nyekundu ni ipi, mi alama nilijisomea nyumbani. Na ukungu hawafundishi kabisa, sa unafundishaje udereva Mbeya bila ukungu jamani? Kwa hilo nawanyima nyota moja, chukueni nne. Jaribio la trafiki nilipita mara ya kwanza. Jina la chuo njoo inbox, na ukifika omba yule mzee, wapo na vijana pale wana haraka zao.

Yule baba wa hoteli nilimrudia, akanipa siku nne kwa wiki, zile nyingine keshampa mtu. Isyonje ukungu ukishuka moyo bado unapiga, naweka gia namba mbili nawasha taa naenda hivohivo, wenye haraka wanipite. Jumamosi iliyopita nimepata pancha, ya kweli, pale Igawilo, nikakaa kwenye gunia la viazi nacheka peke yangu mpaka vijana wa boda wakaja kuuliza mama vipi, uko salama?